Umeme Umekatika: Kabla ya Kulaumu "Mgao", Jua Kwanza Umekatikia Wapi



Bongo umeme ukikatika, sentensi ya kwanza mtaani ni ileile: "Mgao umerudi." Sentensi hiyo ilikuwa na haki yake mwaka 2006, mwaka 2011, na tena kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024. Siku hizi mara nyingi si jibu sahihi. Na ukikosea jibu unaumia mara mbili kwa mpigo: unajiandaa vibaya nyumbani kwako, halafu unamuuliza mkubwa swali ambalo kwake ni rahisi kulikwepa.

Nawafikiria hasa ninyi mnaosoma hapa kwa kulipia dakika. Mnajua machungu yake. Umejaza fomu ya mkopo HESLB au maombi ya kazi Ajira Portal, imebaki kuambatisha cheti tu, mara giza! Mashine imezima, ulichojaza kimepotea, siku ya mwisho ni leo. Kwa hiyo jamani tusilichukulie hili kama suala la mafundi na wabunge peke yao.

Hoja yangu ni hii: "umeme umekatika" ni dalili moja ya magonjwa manne tofauti. Kila ugonjwa una sababu yake, muda wake na mtu wake wa kuulizwa. Twende taratibu.

UGONJWA WA KWANZA: UMEME WENYEWE HAUTOSHI

Huu ndio mgao wenyewe. Mahitaji ya nchi yanazidi kinachozalishwa, basi wanaanza kuzima maeneo kwa zamu. Leo Tabata, kesho Mbagala.

Kwa miaka mingi tulitegemea maji. Kidatu megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80. Mtera lenyewe linazalisha kidogo, ila ndilo ghala: maji yake yakishatoka pale yanateremka na Ruaha Mkuu mpaka Kidatu na kufanya kazi mara ya pili. Mvua zikigoma, Mtera linakauka, na Kidatu nalo linakohoa. Ndicho kilichotukuta mwaka 2006.

Na njaa ya umeme ikaleta wajanja. Mwaka huohuo 2006 ukasainiwa mkataba wa dharura na Richmond wa kuleta mitambo ya megawati 100. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2014 likaja sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta, lililozaliwa na mkataba wa IPTL wa mwaka 1995. Ndiyo maana kwetu neno "mgao" linanuka siasa. Kila mgao ulizaa dili, na kila dili lilizaa bili.

Sasa hesabu imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ikakamilika. Kila mmoja ni megawati 235, jumla 2,115. Ukijumlisha na gesi ya Kinyerezi na Ubungo na mabwawa ya zamani, mwaka 2025 uwezo wa mitambo yote ulipita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa karibu nusu ya hapo.

Sisemi mgao hauwezi kurudi. Bwawa ni bwawa, na ukame hauogopi sherehe za uzinduzi. Ila kwa hesabu hiyo, ukikaa gizani saa nne wakati umeme nchini upo wa kutosha, kuna jambo lingine. Tusonge mbele.

Dalili za mgao: eneo kubwa linazimwa kwa saa kadhaa, linarudishwa, linazimwa lingine. Kuna mpangilio, hata kama ratiba hujaiona.

UGONJWA WA PILI: UMEME UPO, ILA HAUFIKI

Huu ndio naona unatutesa zaidi sasa hivi, na ndio unaozungumzwa kidogo.

Umeme kutoka Rufiji mpaka kwenye soketi yako unapita safari ndefu. Kuna njia kubwa za kilovolti 400, 220 na 132. Kuna vituo vya kupoozea. Kuna njia za 33 na 11 zinazoingia mitaani. Mwishoni kuna ile transfoma juu ya nguzo karibu na kwa mangi, inayoshusha mpaka volti 230. Bwawa likiwa jipya, nguzo iliyooza haiponi. Tawi la mwembe likigusa waya, fyuzi inakatika. Transfoma iliyofungwa wakati mtaa una nyumba chache, leo kila kiwanja kina wapangaji sita, saluni, fundi wa kuchomelea na friji la soda. Inazidiwa, inalipuka "puu!", na mtaa mzima unaingia gizani.

Ushahidi kwamba tatizo limehamia njiani ulitoka juu kabisa. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu mitandaoni wakacharuka: tumejenga bwawa lote lile halafu tununue nje? Sababu iliyotolewa ni kwamba umeme unaosafirishwa toka kusini mashariki hadi kaskazini unapotea sana njiani. Uukubali mpango huo au uukatae, maelezo yenyewe yanakiri jambo moja: kuzalisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusafirisha na kusambaza, na nusu hiyo haikatiwi utepe.

Dalili zake: kwenu giza, ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Au nyumba yako imezima na ya jirani inawaka, kisha inayofuata imezima. Hiyo usiseme umerogwa. Transfoma ya mtaa ina fezi tatu, na nyumba zimegawanywa juu ya fezi hizo. Ikikatika moja, wa fezi hiyo wanalala gizani na wengine wanaangalia mpira. Dalili nyingine ni umeme mdogo: taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto, feni inazunguka kivivu. Hapo zima friji haraka, kwa sababu umeme mdogo unaunguza mota kuliko giza lenyewe.

UGONJWA WA TATU: GRIDI KUANGUKA

Huu unakuja mara chache lakini ukija unakuja na wote. 1 Aprili 2024 gridi yetu ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikazima. Tarehe ile wengine walidhani ni utani wa siku ya wajinga. Kenya walikaa gizani Agosti 2023. Na Juni 2016 walizimikiwa na ngedere! Ndiyo, ngedere aliyepanda juu ya paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma. Mitambo ya pale ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea ghafla, na nchi nzima ikafuata. Ngedere mwenyewe alipona.

Inakuwaje? Umeme kwenye gridi hauwekwi ghalani. Kila sekunde kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, na kipimo cha uwiano huo ni masafa ya hezi 50. Fikiria lori limejaza mzigo linapanda Kitonga. Injini ikipoteza nguvu ghafla, mwendo unashuka palepale. Gridi nayo mtambo mkubwa ukitoka ghafla, masafa yanashuka, na mitambo mingine inajitoa yenyewe ili isiharibike. Mmoja anamvuta mwenzake. Ndani ya sekunde chache mmekwisha.

Kuirudisha si kubonyeza swichi moja. Wanawasha kituo kimoja, wanakipa mzigo kidogo, wanaongeza kingine, mkoa kwa mkoa. Kwa hiyo ukipiga simu Mwanza na Mbeya na kote ni giza, usikae ukisubiri dakika kumi. Jipange kwa saa kadhaa.

UGONJWA WA NNE: NI KWAKO TU

Huu watu hawapendi kuusikia. Uniti zimeisha usiku wa manane. Breka imeshuka kwa sababu pasi, jagi la umeme na hita viko kwenye ekstensheni moja. Au nyumba ilifungwa waya na kishoka. Kishoka ni nafuu siku ya kumlipa na ghali siku ya moto. Fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe, haina aibu.

LUKU nayo ina yake. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme uligoma kwa siku kadhaa, na wenye hela mfukoni walilala gizani sawasawa na wasio na hela. Somo ni moja: usinunue uniti zikibaki mbili. Weka akiba ya siku tatu nne kwenye mita, kama unavyoweka unga.

TUJIFUNZE KWA ZANZIBAR

Kabla sijaingia kwenye maandalizi, nataka tukumbuke ndugu zetu wa Unguja, maana wao ndio waliofanya mtihani mgumu kuliko sisi sote.

Unguja inalishwa na waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa zamani uliwekwa mwaka 1980, megawati 45. Tarehe 21 Mei 2008 ukapata hitilafu, na umeme ukarudi 18 Juni. Karibu mwezi mzima. Kisha 10 Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii mpaka Machi 2010. MIEZI MITATU. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013.

Kilichowaumiza zaidi si taa. Ni MAJI. Pampu za maji zinakula umeme, pampu zikisimama mabomba yanakauka. Wenye hoteli waliwasha majenereta, wa mitaani wakabeba ndoo. Waliokuwa na kazi za kutegemea umeme, wauza barafu, washonaji wa cherehani za umeme, mafundi vyuma, wakakaa bila kipato.

Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alichunguza rekodi za kujifungua baada ya giza lile la 2008. Aliona kwamba watoto waliotungwa mimba wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kidogo, na akahusisha hilo na familia kupungukiwa kipato. Akaona pia idadi ya waliozaliwa iliongezeka miezi kadhaa baadaye... cheka kidogo, lakini usisahau sehemu ya kwanza. Giza la mwezi mmoja liliandikwa kwenye mwili wa mtoto ambaye hajazaliwa. Ndiyo maana siwezi kumwelewa anayesema umeme kukatika ni usumbufu tu.

SASA TUJIPANGEJE?

Usiandae "umeme kukatika". Andaa MUDA.

Dakika chache. Hapa adui si giza, ni umeme unaporudi. Unaweza kurudi kwa kishindo, au kurudi, kukata, kurudi tena. Umeme ukikatika tu, chomoa TV, friji, redio na kompyuta. Acha taa moja imewashwa ikupe habari. Ukirudi, subiri kama dakika tano ndipo urudishe friji. Kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri chenyewe kabla ya kupitisha umeme ni nafuu mno ukilinganisha na kompresa mpya. Kwa wenye kompyuta ya mezani, UPS ndogo inakupa dakika kama kumi. Si za kumalizia muvi hizo, ni za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Na wewe wa kafe: uliza kama wana UPS kabla hujalipa. Barua na wasifu wako viandikie kwenye simu au ujitumie kwa barua pepe mapema, ukifika mezani ni kubandika tu. Fomu yenye siku ya mwisho usiijaze siku ya mwisho.

Saa kadhaa. Friji lisipofunguliwa hukaa na ubaridi kama saa nne, na friza lililojaa hukaa muda mrefu zaidi ya hapo sana. Kwa joto la Dar, hesabu pungufu. Gandisha chupa za maji ukiwa na umeme, zikae ndani kama barafu ya akiba. Usifunguefungue kila dakika kuangalia kama samaki bado yupo. Yupo. Nyama ikishapata joto na kukaa hivyo muda mrefu, usiionee huruma, tupa. Jaza ndoo na simtanki wakati pampu inafanya kazi. Chaji simu asubuhi, usisubiri asilimia tano ya jioni.

Nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari? Insulini haitaki joto wala kuganda. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini unasaidia kuipoza, hili bibi zetu walilijua kwa maji ya kunywa. Kuna anayetumia mashine ya hewa? Basi huyo asubiri giza akiwa na mpango: hospitali ipi, usafiri gani, namba ya nani. Mpango huo uandikwe karatasini, simu nayo inazima.

Siku nzima na zaidi. Hapa wengi wanakimbilia betri na inveta bila hesabu. Hesabu ni hii. Betri ya risasi ya volti 12, ampea 100 kwa saa, ina wati-saa 1,200. Ukitaka idumu, tumia nusu: 600. Inveta nayo inakula, bakiza 500. Sasa TV wati 60, taa nne za wati 5 ni 20, rauta 10, simu mbili 10. Jumla 100. Umepata saa tano. Chomeka pasi ya wati 1,000 uone, nusu saa haiishi. Anayekuuzia akikuambia "hii inabeba nyumba nzima", mwombe afanye hesabu hiyo mbele yako.

Kama mfuko ni mdogo, na wengi wetu ni mdogo, usianze na inveta. Anza na taa ya sola au ya kuchaji, pawabenki moja, redio ndogo na ndoo zenye mifuniko. Hapo umeshavuka sehemu kubwa ya usiku wa giza wa kawaida.

VITU VINAVYOUA

Hapa naomba msome taratibu.

Jenereta likae NJE, mbali na dirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakulaza usingizi usioamka. Kibarazani palipofungwa si nje. Jiko la mkaa kulala nalo chumbani ni habari ileile, ndugu zangu wa Njombe na Mbeya mnanielewa.

Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukuta ili "lilishe nyumba". Umeme ule unatoka kinyumenyume mpaka kwenye transfoma, unapanda volti, unamkuta fundi juu ya nguzo anayeamini njia imezimwa. Umemuua aliyekuja kukusaidia. Funga chenjiova, na ifungwe na fundi mwenye leseni.

Waya ukidondoka chini usiusogelee hata kama mtaa wote ni giza. Unaweza kuwashwa muda wowote. Zuia watoto, toa taarifa.

Na mshumaa. Agosti 2009 bweni la Sekondari ya Idodi, Iringa, liliungua, wasichana 12 wakafariki. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Mtoto anatafuta maksi, anakuta kifo. Taa ndogo ya sola leo ni bei ya nauli za wiki. Kama una mdogo wako bweni, mnunulie hiyo kabla ya kumnunulia biskuti.

TUULIZE NINI?

Tumezoea kuuliza: "Mgao utaisha lini?" Mkubwa anajibu: "Hakuna mgao." Na anaweza kuwa anasema kweli kabisa! Swali limekufa, wewe bado uko gizani.

Badilisha swali. Mtaa wetu umekatikiwa mara ngapi mwezi huu, na kwa jumla ya saa ngapi? Transfoma yetu imezidiwa kiasi gani, na itabadilishwa lini? Matawi kwenye njia yetu yalikatwa lini mara ya mwisho? Vipimo hivyo si ndoto. EWURA hutoa ripoti ya kila mwaka ya sekta ya umeme, na humo hupimwa mteja wa kawaida kakatikiwa mara ngapi na kwa muda gani. Tatizo wastani wa nchi unaficha mtaa wako. Kwa hiyo andika mwenyewe. Daftari la mia tano linatosha: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, jirani alikuwa na umeme au hana. Miezi mitatu ya daftari hilo, ikisainiwa na majirani kumi, ina nguvu kwa ofisi ya TANESCO ya wilaya kuliko matusi mia mtandaoni. Wasipokujibu, EWURA wanapokea malalamiko. Diwani na mbunge nao wapewe nakala, waulize wakiwa na namba mkononi.

Bwawa tumejenga, na pesa ni zetu. Sasa tudai na waya, nguzo na transfoma kwa sauti ileile.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenye maoni hapa chini usiandike "mgao umezidi" tu. Andika mtaa, saa ulipokatika, saa uliporudi, na kama ng'ambo ya barabara walikuwa na umeme. Tukipata za kutosha tutajua wenyewe ugonjwa wetu ni upi kati ya ile minne.

Naomba kutoa hoja. Na hifadhi kazi yako kabla hujafunga ukurasa huu...